Mikono Arobaini na Minane

Saa moja kasorobo asubuhi, siku ya Jumatatu, duka la fotokopi lililotazamana na stendi ya mabasi lilikuwa na foleni isiyo na adabu. Wapo waliokuja na vyeti, wapo waliokuja na hati za viwanja, na mama mmoja alikuwa na kitambulisho kimoja tu lakini mikoba yake ilishika nafasi ya watu wanne. Mashine ilikuwa moja. Ilikohoa, ikameza karatasi, ikagoma, na mwenye duka akaitia kofi ubavuni mpaka ikaendelea.

Katikati ya foleni alisimama mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mwanafunzi wa ualimu. Siku hiyo ndiyo alikuwa anaanza mazoezi ya kufundisha, wiki nane katika sekondari ya jirani. Alivaa blauzi nyeupe yenye kola ya duara na sketi ya kahawia aliyoipiga pasi huku anasinzia, ndiyo maana ilikuwa na mikunjo miwili mbele na nyuma haikuwa na hata mmoja. Alikuwa amechoka kabla hata ya kuanza. Mtu anayerudia jambo huchoka mara mbili, mara kwa kulifanya na mara kwa kulikumbuka.

Mwenye duka alimkabidhi karatasi zake. Alizipokea, akageuka, akapiga hatua tatu.

"Dada! Dada wa sketi ya kahawia!" Sauti ya mwanamume ilimfuata. "Umeondoka na pembetatu zangu."

Alitazama alichoshika. Kweli, zilikuwa pembetatu tupu, kurasa nne. Mwenye sauti alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye shati la samawati na tai fupi iliyoishia juu ya kitovu. Mkononi alikuwa na mchoro wa mwili wa binadamu.

"Na wewe kaka," mwanamke alisema, "rudisha utumbo wangu."

Foleni ilicheka. Mwanamume aliutazama mchoro, akajitazama tumbo.

"Huu ni wako? Nilishangaa. Nikasema, hii hesabu ya leo imeingia ndani sana."

"Rudisha, tafadhali. Nina kipindi saa tatu."

"Saa tatu, sayansi, kidato cha pili?"

"Umejuaje?"

"Kwa sababu saa nne ni mimi, hesabu, kidato cha pili. Ndiyo kwanza naanza mazoezi." Alimnyooshea utumbo kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Twende basi, mwalimu. Ukiingia peke yako umechelewa, lakini tukiingia wawili basi ndilo lililochelewa."

Alicheka bila kutaka. Walivuka barabara pamoja, kila mmoja na karatasi zake.

Mambo yake yalikuwa hivi. Mwaka uliopita alikuwa katika mazoezi kama hayo, shule nyingine, na wiki ya tano mama yake mzazi alipooza upande mmoja. Aliacha chaki, akaenda kukaa hospitalini miezi miwili. Chuo kilimpa pole, kikampa na barua: utarudia mwaka ujao, na ukishindwa safari hiyo, mara ya tatu haipo. Kabla ya ualimu alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati kwa miaka tisa, akiandika majina ya wagonjwa, na kila siku akijiambia kwamba kuna kazi yake mahali fulani inamngoja. Sasa mama alikuwa nyumbani, anatembea kwa fimbo na anatawala kwa ulimi, na ile kazi iliyokuwa inamngoja ilikuwa imebakiza wiki nane tu za kumngoja.

Mwalimu mkuu aliwapokea ofisini. Alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukemea, na siku hiyo alivaa ya kusomea.

"Mwalimu wangu wa sayansi na hesabu anastaafu mwisho wa muhula," aliwaambia. "Nyie mko wawili. Atakayefanya vizuri nitamwombea nafasi abaki hapa hapa. Mmoja. Mwingine tutamshukuru."

Walitazamana. Pembetatu ndilo lililokuwa jina la mwanamume kabla ya saa sita mchana, maana wanafunzi hawakawii, naye alichora pembetatu hata alipokuwa anaeleza zamu za kufagia. Mwanamke naye, kwa kuwa alisema "taratibu jamani, taratibu" mara kumi na moja katika kipindi kimoja (kiranja alihesabu), akawa Madamu Taratibu. Majina hayo yaliwakaa kuliko waliyopewa na wazazi.

Walimu wa mazoezi hawapewi meza. Walipewa moja kwa wawili, mlangoni mwa chumba cha walimu, penye upepo na kila anayepita anakugonga kiwiko. Droo ilifunguka upande mmoja tu, kwa hiyo mmoja akitaka kalamu ilibidi mwingine anyanyuke. Wiki ya kwanza walinyanyukiana kwa "samahani". Wiki ya pili Pembetatu alianza kutafuta kalamu ambayo iko mfukoni mwake.

Jioni wakawa wanapigiana simu, ati kwa ajili ya kazi.

"Umesahihisha madaftari mangapi?" angeuliza Pembetatu.

"Ishirini na mawili. Nimebakiza ishirini na sita. Macho yanawaka, Pembetatu. Kuna mmoja kaandika kwamba ini ni rafiki wa moyo."

"Mpe tiki."

"Nimpe tiki?"

"Mimi nasikia langu linaongea na moyo tangu Jumatatu ile. Ukikosoa hilo utakuwa umenikosoa mimi."

"Nenda ukasahihishe, wewe. Maneno matamu hayajazi rejista."

"Taratibu basi, Madamu."

Alikata simu akiwa anatabasamu kwenye madaftari, na mama yake, aliyekuwa kwenye kochi na fimbo mapajani, akasema bila kugeuza kichwa, "Hesabu gani hiyo inayochekesha?"

Wiki ya nne mkaguzi wa chuo alikuja kumpima Pembetatu. Alikuwa mama mfupi wa makamo ambaye hutembea na kiti chake mwenyewe cha kukunja, kwa kuwa viti vya shule vilishamwangusha mara mbili. Alikikunjua nyuma ya kidato cha pili B, akaketi, akafungua fomu. Madamu aliomba ruhusa akae naye nyuma ili ajifunze.

Pembetatu aliuliza swali la kwanza. Mikono arobaini na minane ikapaa. Darasa zima! Hakuna aliyetazama dirishani, hakuna aliyejikuna. Aliuliza la pili, ikapaa tena yote. Kila aliyemchagua alisimama akajibu sawasawa na kuketi. Mkaguzi aliandika kwa mwendo wa mtu aliyefurahi. Alama themanini na tisa.

Madamu alimngoja uani, penye bomba la maji, na hakujificha. "Umewalisha nini watoto wale? Mimi nikiuliza wananyoosha sita, saba. Wewe wote! Mwenzangu, wewe ni mwalimu kweli. Mimi najifundisha, wewe umezaliwa nayo."

Pembetatu alifungua bomba, akanawa chaki, akalifunga. Kulikuwa na jambo mdomoni mwake, likafika kwenye meno, likarudi. Hakuna mwanamke aliyewahi kumwambia kwamba amezaliwa na kitu chochote.

"Ni kuwazoea tu," alisema.

"Basi nizoeshe na mimi."

"Wewe nimeshakuzoea, laazizi. Tatizo langu ni nyumbani, ambako hakuna meza yenye droo mbovu."

Ndipo alipomshika mkono mara ya kwanza, na ulikuwa bado na maji. Madamu hakuutoa wake. Alikuwa hajashikwa mkono na mtu asiye mgonjwa kwa muda mrefu sana, na wiki nzima iliyofuata alilisifu lile darasa kwa kila mtu: kwa mama, kwa mwalimu mkuu, kwa mpishi wa shule. Pembetatu alisikia kila sifa na kila moja aliimeza kimya.

Wiki ya tano, Jumatano, zamu yake. Alivaa gauni la kijani kibichi ambalo mama yake alisema linampendeza. Mchoro wa tumbo aliuchora usiku uliopita kwenye karatasi ya manila, rangi nne. Mkaguzi akakunjua kiti. Ilikuwa wiki ile ile ambayo mwaka jana ilimvunja.

"Nani atatuambia chakula kikitoka mdomoni kinapita wapi?"

Mikono arobaini na minane.

Machozi yalimkaribia. Wamenipenda, alifikiri, wamenisomea. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuwatafuta wanyonge, aliwaruka wale sita wa kila siku, akamchagua msichana wa dirishani ambaye hakuwahi kusema neno. Leo alikuwa ameinua mkono. Mkaguzi na amwone!

Msichana alisimama. Alitazama dari. Hakusema kitu.

"Taratibu, usiogope. Keti, ufikirie. Wewe, nyuma kule."

Aliyeitwa wa nyuma alisimama, akamtazama kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa. Kimya. Akamchagua wa tatu, wa nne. Kila swali mikono ilipaa yote, na kila aliyemchagua alisimama kama nguzo. Saba walisimama, saba waliketi bubu. Jasho lilianza kuchora ramani mgongoni mwa gauni la kijani. Kengele ilipolia alikuwa anajijibu mwenyewe maswali, kwa sauti iliyokauka.

Mkaguzi aliandika, "Wanafunzi hawajaelewa somo hata kidogo. Mwalimu hawajui wanafunzi wake." Alama thelathini na nane. "Nitarudi baada ya wiki mbili," alisema akikunja kiti. "Faili lako nimelisoma, mwanangu. Ndiyo ya mwisho hiyo."

Mkaguzi alipoondoka, kiranja, msichana mwenye sauti ya mnadani, alimjia machozi yakimlenga.

"Lakini Madamu, mbona umewachagua wa kushoto?"

"Wa kushoto wapi?"

"Mkono wa kushoto! Mgeni akiwepo, tunanyoosha wote. Anayejua ananyoosha wa kulia, asiyejua ananyoosha wa kushoto, na mwalimu anachagua wa kulia. Ndivyo Mwalimu Pembetatu alivyotufundisha. Tulitaka na wewe upate alama nyingi. Sisi tulifikiri anakwambia. Kila siku mnakaa meza moja!"

Madamu alimkuta Pembetatu kwenye ushoroba, amebeba rula ya ubaoni.

"Ulijua," alisema.

Pembetatu hakuuliza ni nini. Hilo ndilo lililomwumiza Madamu zaidi. "Nilikuwa nikwambie."

"Lini? Nilipokuwa nakusifu penye bomba, au nilipokuwa namsimulia mpishi?"

"Niliona aibu. Uliniambia nimezaliwa nayo. Sikufikiri kama wataendelea kwa mgeni mwingine, haki ya Mungu, nilijua walifanya kwa ajili yangu tu."

"Nafasi ni moja, Pembetatu. Mwalimu mkuu alisema mbele yetu wote wawili. Mmoja abaki, mmoja ashukuriwe."

Pembetatu alichukua muda kuelewa. Alipoelewa uso ulimshuka. "Unafikiri nilikutega?"

"Sijui nifikiri nini. Nimewasimamisha watoto saba wakaaibika, na wanadhani mimi ndiye niliyewageuka. Nina wiki mbili. Nimechoka, na sina nguvu ya kukuchunguza. Naomba unipishe."

Alimpisha. Kesho yake Madamu alihamia kwenye kiti cha plastiki karibu na birika la chai, madaftari magotini.

Simu ililia jioni hiyo, na jioni iliyofuata. Alizima sauti, akaiacha mezani ikitetemeka kati ya vikombe. Siku ya tatu, wakati anakoga, mama yake aliichukua.

"Hebu sema wewe," mama alisema. "Umepiga mara tisa. Unauza nini?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa hesabu?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba kuongea naye, dakika moja tu."

"Hataki. Amerudi hapa siku tatu anakula wali bila kutafuna. Umemfanya nini mwanangu?"

Sauti ya upande wa pili ilisema, "Kuna kitu nilimficha, mama. Kilikuwa kibaya lakini kilinipamba, nikakiacha."

"Hm." Mama alihamisha simu kwenye sikio zima. "Mimi mwili huu ulipoanza kufa ganzi nilificha siku nne, nisiwaharibie watoto kazi zao. Siku nne! Daktari alisema ningekwenda ya kwanza, ningekuwa nakimbia sasa. Mficha uchi hazai, baba. Kama unakijua kibaya chako kiko wapi, kwa nini unakipigia simu hapa?"

"Sijakuelewa, mama."

"Utaelewa. Usiku mwema." Mama alikata, akairudisha simu mahali pake hasa, na binti yake alipotoka alimkuta anatazama taarifa ya habari kwa makini ya kupita kiasi.

Wiki mbili zile Madamu Taratibu alifanya kazi iliyo ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Siku ya kwanza alisimama mbele ya kidato cha pili B, akasema, "Kuanzia leo, asiyejua asinyooshe. Si wa kulia wala wa kushoto. Mgeni awepo asiwepo."

"Madamu, utafeli!" alilia kiranja.

"Nikifeli nitafeli na watu ninaowajua."

Aliuliza swali. Mikono minne. Darasa lilionekana kubwa ghafla, lenye vichwa vingi vilivyoinama, na yeye alitamani kulia na kulala. Alikuwa amefundisha wiki tano, na waliokuwa wanamsikia ni wanne! Basi alianza kupita dawati kwa dawati. Alichutama. Alimwuliza kila mmoja swali moja tu: umekwama wapi? Wengine walisema pale pale, wengine ilichukua siku tatu. Yule msichana wa dirishani alisema hajawahi kuona ubaoni vizuri tangu mwaka uanze. Alimhamisha mbele. Magoti yalimwuma, visigino vya viatu vilikwisha upande, na somo lililotakiwa siku mbili lilikula sita. Jioni alipanda basi na kulala akiwa amesimama.

Pembetatu alimwona. Alipita nje ya dirisha na rejista yake, akasimama, akaendelea. Alhamisi moja hakuja kazini kabisa. "Kaenda chuoni," mpishi alisema akimimina chai. "Kavaa tai ndefu safari hii."

Madamu alikaza taya. Bila shaka kaenda kujisogeza kwa wakubwa, nafasi ikaribie. Alijiambia hajali, na uongo huo ulimchosha kuliko ukweli, kwa sababu alikuwa anamkumbuka. Alikumbuka hata viwiko vyake.

Siku yenyewe ilifika, Ijumaa, jua kali. Hakuvaa gauni la kijani. Alivaa sketi ile ile ya kahawia, maana nguo nyingine zote zilikuwa kwenye beseni. Kiti kikakunjuliwa nyuma.

"Chakula kikitoka tumboni kinaingia wapi?" aliuliza.

Mikono tisa. Mkaguzi aliinua macho juu ya fomu. Madamu hakuwaendea wale tisa. Alimwendea mmoja wa walioinama, akachutama kando yake.

"Wewe umekwama wapi?"

"Kwenye ini, Madamu. Kama chakula hakipiti kwenye ini, sasa ini liko pale linafanya nini?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza, kwa sababu kumbe karibu wote hawakujua. Hata wale tisa. Madamu alinyanyuka, akaenda ubaoni, akaufuta mchoro wake wa rangi nne, akaanza upya kutoka kwenye ini. Alieleza nyongo. Waliuliza, akaeleza tena. Mtu mmoja alisema "Aaa!" kwa sauti, akamweleza jirani yake kwa lugha yao wenyewe, na jirani akamweleza wa nyuma. Kengele ililia somo likiwa nusu. Hitimisho halikufanyika, kazi ya nyumbani haikutolewa, na vyote viwili vina alama kwenye fomu.

Mkaguzi alimfuata kwenye kiti cha plastiki.

"Sitini na nne," alisema. "Muda hukuutunza, na maandalio yako umeyatupa katikati. Lakini umefaulu, mwanangu. Na mwalimu mkuu kaniambia ataandika jina lako kwa ile nafasi."

Madamu alikuwa anafikiri kwamba furaha itakuja kwa kelele, na badala yake ilikuja kama mtu anayevua viatu.

"Kuna jingine," mkaguzi alisema, akifunga mkanda wa kiti chake. "Nimeombwa nisiliseme, lakini mimi na siri hatupatani. Mwenzako wa hesabu alikuja ofisini kwangu Alhamisi ya wiki iliyopita. Akasema zile themanini na tisa ni za mikono ya kushoto. Akaniandikia na barua, akasaini, ili zile thelathini na nane zako zisikae kwenye faili lako kama uvivu wako. Nikamwambia, unajua kanuni? Akasema anajua. Udanganyifu mbele ya mkaguzi, mazoezi yote yamefutwa. Atarudia wiki nane mwakani, na shule si hii."

"Amefeli?"

"Amefeli kwa mwandiko wake mwenyewe. Miaka ishirini na mbili ya ukaguzi, ni wa kwanza."

Alimkuta Pembetatu ndani ya darasa la kidato cha pili B. Wanafunzi walikuwa wamekwenda nyumbani. Alikuwa juu ya dawati, anabandua ukutani karatasi zake za manila, pembetatu moja baada ya nyingine, na kuzikunja. Tai ilikuwa mfukoni. Mgongo wa shati ulikuwa na vumbi.

"Nani alikutuma?" Madamu aliuliza kutoka mlangoni.

Pembetatu aligeuka, karibu aanguke. "Kakwambia. Nilimwomba asikwambie."

"Nani alikutuma uende kujifelisha? Mimi nilikuomba?"

"Hukuniomba. Hukupokea hata simu, ungeniombaje?" Alishuka, akaketi juu ya dawati lile. Macho yake yalikuwa mekundu ya kukosa usingizi. "Sikwenda ili unirudie. Nilikwenda kwa sababu kila nikiingia humu nyoosha-nyoosha ile ilikuwa inanitazama. Nikakuona umechutama pale kwa dirisha. Nikasema, yule ndiye mwalimu. Mimi ni mtu wa maonyesho."

Madamu aliingia, akaketi dawati la pili. Miguu yake haikuwa tayari kusimama kwa ajili ya ugomvi. "Nilikufikiria vibaya," alisema. "Nilisema umenitega kwa sababu ya nafasi. Hilo nilikosea, na nisamehe."

"Nimeshasamehe siku ile ile."

"Lakini lile la bomba sijakosea. Nilikuwa nakupenda pale, Pembetatu, nakupenda kwa kinywa changu, na wewe ukachukua mapenzi yangu ukayatia kwenye mikono ya uongo."

"Najua." Alikunja karatasi, akaikunjua. "Niliogopa ukijua nina wanafunzi sita tu wanaonielewa, utaniona sina lolote."

"Mimi nilikuwa na wanne."

Alimtazama. Kisha wote wawili walianza kucheka, kicheko cha watu waliochoka, kisicho na nguvu, kinachokaribia kilio. Nje mlinzi alikuwa anafunga madirisha ya darasa la jirani, moja moja.

"Mwakani watanipeleka mbali," Pembetatu alisema baadaye. "Nasikia wanaorudia wanapelekwa kokote chuo kinakotaka. Wiki nane, halafu matokeo, halafu kungoja ajira. Nilikuwa nimepanga nije kwenu, kwa mama, nijitambulishe kiume. Nilitaka nije na cheti mkononi. Sasa itabidi uningojee, mpenzi, kama utataka. Nikifaulu tu, kesho yake niko mlangoni."

Madamu alimtazama huyu mtu mrefu mwenye vumbi mgongoni, asiye na alama hata moja, na alijisikia anampenda kwa namna iliyotulia, isiyokuwa na haraka wala mapambo. Miezi ya kungoja aliijua. Alishangoja hospitalini, alishangoja barua za chuo, na hakutaka tena kungoja mtu ajipambe ndipo amwone.

"Usingoje kufaulu," alisema. "Njoo Jumapili."

"Jumapili ipi?"

"Hii. Keshokutwa."

"Nitakuja na nini? Sina cheti, sina kazi."

"Njoo hivyo hivyo."

"Na mama akiuliza kazi?"

"Mwambie huna."

"Akiuliza mazoezi?"

"Mwambie umefeli."

"Akiuliza kwa nini?"

"Mwambie yote."

"Halafu?"

"Halafu utakula," Madamu alisema, akiegemeza kichwa chake begani kwake na kufumba macho, "na ukimaliza utaosha vyombo. Mimi nimechoka."